Amelia Dyer, aliyefanya watoto kuwa biashara

Amelia Dyer alizaliwa karibu na Bristol, Uingereza, binti wa fundi wa viatu. Alijifunza kutunza wagonjwa, lakini feza alitafuta pengine. Alitia tangazo mu gazeti, akijifanya mama wa ndoa anayetaka mtoto wa kulea. Aliyeleta mtoto alilipa mara moja tu, kama paundi 10. Mtoto akikufa mapema, faida inabaki yote.

Mwanzoni aliwaacha na njaa, akiwapa dawa ya afyuni walale, wasilie. Mu 1879 daktari mumoja alishituka juu ya vifo vingi. Tribinali ikamupa miezi 6 tu ya kazi ngumu. Nyuma akaanza kuwanyonga kwa utepe. Mu Machi 1896 maiti ya mtoto ilipatikana mu muto Thames, pale Reading, na karatasi ya kufungia ilikuwa na adresi yake. Yeye naye alinyongwa London tarehe 10 Juni 1896.

Hatumuombee huruma. Lakini sisi wa sendika tunauliza: wale bamama walitoka wapi? Wengi walifanya kazi mu nyumba za matajiri. Mimba ikionekana, wanafukuzwa. Na sheria ya 1834 ilikuwa imebebesha mama peke yake mzigo wa mtoto wa nje ya ndoa. Aliyekosa kazi na mtoto mikononi ndiye alisoma tangazo la Dyer.

Basi tukikaa kujadili mkataba, tukumbuke: konje ya uzazi haiko zawadi ya patron.