Satchel Paige: Aliyekawizwa Akafika

Wahenga walituachia methali ya maneno mawili tu: kawia ufike. Methali hii humliwaza msafiri aendaye polepole kwa hiari yake. Je, tumwambie nini yule aliyezibiwa njia kwa miaka 22? Swali hili hutukabili tunapoyatazama maisha ya Leroy Robert Paige, mrushaji mashuhuri wa besiboli nchini Marekani.

Paige alizaliwa tarehe 7 Julai 1906 mjini Mobile, katika jimbo la Alabama. Familia yake ilikuwa maskini, naye alianza kuchuma riziki angali mtoto kwa kubeba mizigo ya abiria katika kituo cha garimoshi. Inasimuliwa kuwa hapo ndipo alipopata lakabu ya Satchel, yaani mkoba. Mwaka wa 1918, kwa kosa la wizi mdogo, alipelekwa katika shule ya kurekebisha tabia ya Mount Meigs. Alikaa huko zaidi ya miaka mitano, na huko ndiko alikofunzwa kurusha mpira.

Katika besiboli, mrushaji husimama juu ya kituta cha udongo na kumrushia mpira mpigaji aliyeshika gongo, umbali wa mita 18 hivi. Kazi yake ni kumfanya mpigaji aukose. Paige alisifika kwa mambo mawili ambayo ni nadra kukutana katika mkono mmoja: kasi na shabaha.

Alianza kulipwa mwaka wa 1926 mjini Chattanooga, kisha akachezea timu za Birmingham, Pittsburgh na Kansas City. Zote zilikuwa timu za watu weusi. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, wenye timu za Ligi Kuu walikuwa wamekubaliana kimyakimya kutowasajili weusi. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Aidha, nje ya msimu Paige alikutana na nyota weupe katika mechi za maonyesho na mara nyingi akawashinda. Waliomshindwa walirudi Ligi Kuu. Yeye alirudi barabarani, katika miji ambamo hoteli nyingi hazikumpokea.

Mwaka wa 1938, akiwa Mexico, mkono wake ulipatwa na maumivu makali hata wengi wakaamini kuwa amekwisha. J. L. Wilkinson, mwenye timu ya Kansas City Monarchs, alimpa nafasi katika kikosi chake cha pili. Mkono ulipona, na mwaka wa 1942 Paige aliisaidia Monarchs kutwaa ubingwa wa ligi za weusi.

Mwaka wa 1947 mlango ulifunguliwa, lakini aliyetangulia kuingia alikuwa kijana Jackie Robinson. Paige alisajiliwa na timu ya Cleveland tarehe 7 Julai 1948, siku aliyotimiza miaka 42. Mhariri wa gazeti la The Sporting News aliubeza usajili huo. Jibu lilitoka uwanjani: Paige alishinda mechi sita, akashindwa moja, na Cleveland ikawa bingwa. Mwezi Agosti, zaidi ya watazamaji 70,000 walifurika uwanjani kumwona. Mwaka wa 1965, akiwa na miaka 59, alirudi kuichezea timu ya Kansas City Athletics na kuwazuia wapinzani kupata hata pointi moja katika vipindi vitatu alivyorusha.

Mwaka wa 1971, alipoteuliwa kuingia katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli huko Cooperstown, ilipangwa kwanza awekwe katika sehemu ya pekee ya wachezaji weusi. Umma ulipinga, naye akaingia kwa hadhi kamili. Alifariki tarehe 8 Juni 1982 mjini Kansas City. Ilipofika mwaka wa 2020 ndipo ligi za weusi zilipotambuliwa kuwa ligi kuu, na mwaka wa 2024 takwimu zake zikaingizwa katika kumbukumbu rasmi.

Sisi wanafunzi wa lugha twajua kuwa kiambishi kimoja hugeuza maana ya kitenzi. Paige hakukawia, alikawizwa. Tukimsifu kwa kufika pekee, tutakuwa tumewasamehe waliomkawiza, na kuwasahau wenzake wengi ambao mikono yao ilichoka kabla ya mlango kufunguliwa.