Simon Kimbangu, mtu aliyekimbia uso wa Mungu

Wengi wetu tukisikia habari za utukufu wa Mungu, tunafikiri juu ya mwili kutetemeka na sauti kubwa katika mkesha. Mimi pia nilikuwa hivyo, hata baada ya kuwekewa mikono kuwa shemasi. Basi tuangalie maisha ya Simon Kimbangu.

Alizaliwa Nkamba, katika Kongo ya Chini, mwaka 1887. Mwaka 1915 alibatizwa pamoja na mke wake, Mama Marie Mwilu, katika misheni ya Wabatisti wa Uingereza.

Mwaka 1918, wakati ugonjwa mkubwa wa mafua ulipoua watu wengi, sauti ilianza kumwita usiku achunge kondoo za Bwana. Alikataa. Alijibu kwamba hakusoma vya kutosha, na kwamba wako watumishi wenye elimu kumpita. Sauti ikarudi. Mwishoni alifanya kama Yona: akakimbilia Kinshasa kutafuta kazi. Huko nako hakupata pa kujificha, akarudi kijijini. Ndugu, sisi tunaoomba kila juma tuuone uso wa Mungu, tunajua tunachoomba?

Tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, aliingia katika nyumba ya mama mgonjwa, akamwombea na kumwekea mikono. Wakashuhudia kwamba mama yule alipona. Tangu hapo watu waliacha mashamba ya wazungu na vitanda vya hospitali, treni zikajaa watu wa kwenda Nkamba. Walitupa hirizi na sanamu zao. Hayo yote miezi mitano tu!

Serikali ya Wabelgiji iliogopa. Mwezi wa Juni askari walikuja kumkamata, akawaponyoka. Mwezi wa Septemba alirudi Nkamba mwenyewe, akajitoa mikononi mwao, akakataza watu wake kupigana. Tarehe 3 Oktoba 1921 mahakama ya kijeshi ya Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu ya leo, ilimhukumu fimbo 120 na kifo, bila wakili wa kumtetea. Mfalme Albert akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha.

Akapelekwa mbali na kwao, mpaka Élisabethville, yaani Lubumbashi yetu hii. Hapa tusipite haraka. Miezi mitano ya kuhubiri, miaka 30 ya gereza. Umati haukuwapo tena, wala wagonjwa waliobebwa, wala nyimbo. Kama utukufu ungekuwa katika umati, ungebaki Nkamba. Lakini wito ule alioukimbia akiwa huru, katika kifungo hakuukana.

Alikufa Lubumbashi tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka hiyo yote Mama Mwilu alibaki Nkamba, akiwakusanya waamini kwa siri, maana kusali hivyo kulikatazwa. Alifariki mwaka 1959, akiwa hajauona mwili wa mume wake kurudi. Uliletwa Nkamba mwaka 1960.