Mwalimu wa viziwi aliyetupatia simu

Ukiwa Sola, mkoani Simiyu, ukampigia ndugu yako aliye Mwanza, unafaidi kazi ya mwalimu wa viziwi. Wengi tunamjua Alexander Graham Bell kwa simu tu. Leo nataka umjue kwa upande wa masikio.

Bell alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1847. Mama yake, Eliza, alikuwa na usikivu hafifu sana. Wengine walimsemesha kupitia mrija wa sikioni, lakini Bell alizoea kusema naye kwa sauti nzito, karibu na paji la uso wake. Kifua kikuu kilipowaua ndugu zake wawili, familia ilihamia Kanada mwaka 1870. Mwaka uliofuata alianza kufundisha viziwi Boston, Marekani. Mmoja wa wanafunzi wake, Mabel Hubbard, aliyepoteza usikivu akiwa na miaka mitano kwa homa ya vipele vyekundu, alikuja kuwa mke wake.

Mwaka 1876 Bell alipata hataza ya simu, chombo kinachogeuza sauti kuwa umeme. Ufundi huo ndio uliozaa shimesikio za kwanza za umeme. Hizo zilikuza kila kitu: sauti ya mama na kelele za sokoni sawasawa. Za kidijitali, zilizoanza kuenea miaka ya 1990, hugeuza sauti kuwa namba, zikakuza zaidi zile ambazo sikio halizipati na kupunguza kelele. Mtaalamu huipanga kulingana na vipimo vya mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo usimvalishe mwanao ya kuazima.

Bell alikuwa na kosa moja kubwa: alipinga viziwi kufundishwa kwa lugha ya alama, na watoto wengi wakakosa lugha waliyoimudu. Wewe usilirudie. Shimesikio haimfai kila mtoto, na lugha ya alama haimzuii mtoto kujifunza kusema.

Mtoto asiyeshtuka kwa kishindo, asiyegeuka akiitwa, anayechelewa kusema, au anayetoka usaha sikioni, mpeleke kituo cha afya. Usimtie mafuta wala mitishamba sikioni. Omba rufaa, Bugando, Mwanza, wapo madaktari wa masikio.

Bell alifariki Agosti 2, 1922. Wakati wa maziko yake, simu za Amerika Kaskazini zilinyamazishwa kwa dakika moja. Mtoto asiyepimwa hukaa katika ukimya huo kwa miaka, na miaka ya mwanzo ndiyo ya kujifunza lugha. Usiingoje ipite.