Bwana Ernst May na Nyumba za Vipande

Wakaaji wengi wa Kampala wanalijua jumba la makumbusho lililo kando ya barabara ya Kira, lakini ni wachache wanaomjua mtu aliyechora ramani yake. Jina lake lilikuwa Ernst May, naye alikuwa Mjerumani. Yafaa, ndugu wasomaji, tusimulie maisha yake, kwa maana alitumia sehemu kubwa ya umri wake kutafuta jawabu la swali moja ambalo hata leo latusumbua: nyumba zaweza kujengwaje upesi kwa ajili ya watu wengi wasio na mahali pa kukaa?

Alizaliwa katika mji wa Frankfurt tarehe 27 Julai, 1886. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vitu vya ngozi. Kijana huyu alisomea uchoraji wa majumba katika London, Darmstadt na Munich, na mwaka wa 1910 akaingia kazini kwa Mwingereza mmoja, Raymond Unwin, aliyekuwa na sifa kubwa kwa kupanga miji yenye bustani. Kwake alijifunza kwamba mji haupangwi kwa rula tu. Yapasa kwanza kutazama kilima na bonde, upepo na jua, ndipo mtu ashike kalamu.

Baada ya vita kuu vya kwanza alipewa kazi katika jimbo la Silesia. Huko aliwajengea nyumba ndogo wakulima, na pia wakimbizi waliofukuzwa makwao na mabadiliko ya mipaka. Hapo ndipo alipoona kwamba mtu mwenye watoto kwenye baridi haulizi kwanza uzuri wa nyumba, bali huuliza itakwisha lini.

Mwaka wa 1925 mji wake wa Frankfurt ulimwita awe mkuu wa majenzi yote ya mji. Watu walikuwa wamesongamana mno, na nyumba zilikuwa chache. Bwana May alichunguza kwa nini kazi ya ujenzi huenda polepole. Aliona kwamba katika ujenzi wa kawaida kila kazi hungoja nyingine. Ukuta hungoja msingi, na paa hungoja ukuta. Mwashi hupanga tofali juu ya tofali, tena hana budi kungoja chokaa ikauke. Mvua ikinyesha, kazi husimama. Na katika nchi zile, baridi kali ikija, maji yaliyomo katika chokaa huganda, ikawa wiki nyingi zimepotea bure.

Basi mji ukaanzisha kiwanda cha kutengenezea kuta. Walichanganya saruji na mawe mepesi yatokayo katika volkano, wakamimina katika vifaa vya umbo moja, wakapata vipande vikubwa vyenye urefu wa meta 3, kimo cha meta 1.10 na unene wa sentimeta 20. Vilikauka ndani ya kiwanda, mahali pasipofika mvua wala theluji. Wakati huohuo watu wengine walikuwa wakichimba misingi mahali pa kujengea. Msingi ulipokuwa tayari, vipande navyo vilikuwa tayari. Vililetwa, vikainuliwa kwa winchi, vikasimamishwa kimoja juu ya kingine, na nyufa kati yao zikazibwa. Kazi mbili zilizokuwa zikifuatana sasa zilikwenda pamoja. Hiyo ndiyo siri ya upesi wa nyumba za vipande. Si kwamba mafundi hukimbia, bali kungoja kumepunguzwa.

Katika miaka mitano hivi, kutoka 1925 mpaka 1930, mji wa Frankfurt ulipata makao mapya yapatayo 15,000. Si yote yaliyojengwa kwa vipande. Mengi yalijengwa kwa matofali kama desturi. Tena vipande vilikuwa na kasoro zake. Baadhi ya kuta zilishika unyevu, na kiwanda hakikuwa na faida ila kilipoagizwa nyumba nyingi za namna moja. Hata hivyo, wataalamu wa nchi mbalimbali walikwenda Frankfurt kutazama na kujifunza.

Sifa hiyo ndiyo iliyomfanya aitwe Urusi mwaka wa 1930. Alikwenda na kundi la wenzake ili kupanga miji mipya ya viwanda, mmoja wao ukiwa Magnitogorsk. Serikali ilitaka miji isimame kwa haraka ajabu, lakini vifaa havikutosha, na wafanya kazi wengi waliishi katika mahema na mabanda. Mwishoni mwa 1933 Bwana May aliondoka. Kurudi kwao hakuweza, maana Hitler alikuwa ameshika utawala mwaka uleule, naye May alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi.

Hivyo mtu huyu aliyejenga maelfu ya nyumba akawa hana kwao. Mwaka wa 1934 alifika Tanganyika, akanunua shamba karibu na Arusha na kuwa mkulima. Baada ya miaka michache alihamia Nairobi akafungua ofisi ya kuchora majumba. Vita vilipotokea tena, Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa alikuwa Mjerumani, ingawa Wajerumani waliotawala kwao walikuwa adui zake.

Alipofunguliwa alirudia swali lake la zamani. Karibu na mwaka wa 1945 alibuni nyumba ya vipande kwa ajili ya Afrika ya Mashariki. Mbavu za zege zilisimamishwa zikiwa zimepindwa kama upinde, na juu yake vikaangikwa vipande vyembamba vyenye kulabu. Umbo lake lilifanana na nyumba ya nyasi ya msonge. Alikusudia kwamba watu wasio mafundi waweze kuiunganisha kwa mikono. Lakini nyumba hiyo haikuenea. Si vigumu kuona magumu yaliyoizuia. Saruji na chuma vilikuwa ghali, na barabara za kuchukulia vipande zilikuwa mbaya, hali udongo, miti na nyasi vilipatikana karibu. Tena watu wetu tangu zamani walijua njia yao ya upesi: matete yakikatwa na nyasi zikifungwa mapema, majirani wengi wakikusanyika, nyumba husimama kwa siku chache.

Mwaka huohuo wa 1945 serikali ya Uganda ilimpa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala katika vilima vya Kololo na Naguru, na mpango wake ukatolewa mwaka wa 1947. Alizifuata barabara kwa umbo la vilima, kama alivyofundishwa na Unwin. Lakini tukisema kweli yote, mpango huo uliwatenga watu kwa rangi zao: Waafrika waliwekewa upande wa Naguru, Wahindi na Wazungu pande nyingine. Inasikitisha kwamba mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya ukoo alikubali kuchora mpango wa namna hiyo. Hatufichi jambo hili, kwa maana anayemsifu mtu kwa mema yake tu hamjui.

Bwana May aliondoka Afrika mwishoni mwa 1953 akarudi Ujerumani, ambako miji mingi ilikuwa imebomolewa na mabomu, na huko akapanga mitaa mikubwa ya nyumba mpya. Jumba la makumbusho la Kampala lilifunguliwa mwaka wa 1954, yeye akiwa amekwisha kwenda zake. Alifariki Hamburg tarehe 11 Septemba, 1970, akiwa na miaka 84.

Je, maisha haya yatufundisha nini? Katika Naguru na Nakawa zilijengwa nyumba za wafanya kazi katika siku za ukoloni. Mwaka wa 2011 zilibomolewa ili pajengwe mji mpya, wakaaji wakahamishwa. Lakini mji ulioahidiwa haukuja upesi, na miaka ikapita juu ya ardhi tupu. Hapo hakuna ukuta uliochelewa kukauka. Kilichochelewa ni fedha na mapatano ya watu. Vipande huharakisha kuta, navyo ni msaada mkubwa. Lakini kiwanda hakiwezi kumimina ardhi, wala haki, wala uaminifu.

Baadhi ya wanafunzi wetu wa zamani sasa ni mainjinia na wakubwa wa ofisi za ardhi, na wengi mlio madarasani mtawafuata. Bwana May alituonyesha kwamba upesi hutoka katika maandalio yaliyofanywa mapema. Basi, yeyote kati yenu atakayebomoa nyumba ya maskini, na ahakikishe kwanza kwamba vipande vya nyumba mpya vimekwisha kukauka.