Emmy Noether, mwalimu wa aljebra mwenye alitumika miaka 15 bila mushahara

Wasomaji wengine watashangaa kuona watu wa sendika ya mugodi, tena wa Kapata, wanaandika juu ya mwanamuke wa Ujerumani mwenye kufa tangu 1935, mwenye hakushika nyundo hata siku moja. Sisi kazi yetu ni mambo ya mushahara na kandarasi. Kila mwezi tunapokea vijana wenye kufanya staji isiyoisha: wanaambiwa wataandikwa kesho, na kesho haifikake. Maisha ya Emmy Noether ni yale yale, paka yeye katika kazi yake alikuwa kati ya wakubwa wa dunia nzima.

Alizaliwa tarehe 23 mwezi wa tatu 1882 katika muji wa Erlangen, kusini ya Ujerumani, katika jamaa ya Wayahudi. Baba yake, Max Noether, alikuwa profesere wa matematike ku univerisite ya pale pale. Mwaka 1900 binti akapita egzame ya kufundisha Kifaransa na Kiingereza katika masomo ya wasichana. Kazi ilikuwa mbele yake, na mushahara wake. Akaiacha. Akaenda kukaa ku univerisite kusikiliza matematike, bila ruhusa ya kuandikwa sawa mwanafunzi wa kweli: kila profesere alipashwa kumukubali kwanza. Kati ya wanafunzi karibu elfu moja, wanawake walikuwa wawili tu. Sheria ikabadilika, mwaka 1904 wakamuandika, na mwaka 1907 akapata udaktari. Kitabu chake cha udaktari kilimalizika na liste ya formule 331; kisha yeye mwenyewe alikizarau kabisa.

Kuanzia 1908 akafundisha pale Erlangen, akamusaidia baba mwenye afya ilikuwa inaregea. Miaka saba, franga hata moja. Watu wa nyumba yake ndio walimukulisha.

Mwaka 1915 wakubwa wawili wa matematike, David Hilbert na Felix Klein, wakamuita Göttingen, muji wenye ulikuwa sawa makao makuu ya matematike ya wakati ule. Hilbert alitaka apewe ruhusa ya kufundisha. Maprofesere wengine wa fakilte, wengi wao wa historia na filolojia, wakakataa: askari watarudia ku vita wakute mwanamuke ndiye anasimama mbele yao? Basi Hilbert akatafuta njia ya pembeni. Masomo yakatangazwa kwa jina la Hilbert, na Emmy akaandikwa chini sawa musaidizi. Ku mugodi kuko watu wenye kuingia na karte ya mutu mwingine. Hao hatuna lazima ya kuwafasiria mengi.

Na ni katika miaka ile, bila cheo na bila kulipwa, alitosha kazi yenye watu wa fizike wanaitumikisha mupaka leo. Tuiseme kwa maneno ya atelye. Enjenieri mwenye kupandisha benne ya mawe kutoka chini anajua kwamba nguvu haipotee: yenye moteri inatoa iko katika benne yenye kupanda, ao imekuwa moto katika kamba na mafreni. Emmy alionyesha ile kanuni inatokea wapi. Kama sheria za fizike ni zile zile leo na kesho, basi nguvu inapashwa kulindwa. Kila fasi kuko usawa wa namna hiyo, kuko pia kitu chenye hakipotee. Ile ilitoka mwaka 1918. Klein ndiye aliipeleka mbele ya chama cha wenye elimu cha Göttingen, kwani Emmy hakuwa memba.

Vita ikaisha, ufalme ukaanguka, na mwaka 1919 wakamupa ruhusa ya kufundisha kwa jina lake. Mwaka 1922 wakamupa hata jina la profesere. Jina tu, mushahara hapana. Franga za kwanza, kidogo sana, alizipata mwaka 1923, mwaka wenye feza ya Ujerumani ilikuwa inaanguka mupaka kuwa karatasi ya bure. Sisi wenye tulikomaa na zaïre tunasikia muzuri ile ni mushahara wa namna gani.

Sasa aljebra yenyewe, juu bila hiyo hatusemi kitu. Chukua karo ya mraba, itoshe fasi yake, kiisha uirudishe. Unaweza kuirudisha namna nane: nne kwa kuizungusha, nne kwa kuigeuza upande mwingine. Ukifanya moja kisha ingine, jibu ni moja ya zile nane tena. Hiyo wanaita kundi. Sasa kila moja ya zile nane unaweza kuiandika kwa kitabla cha namba ine, na pahali pa kugeuza karo unazidisha vitabla. Ile kazi ya kuvalisha kundi namba, Frobenius aliianza ku Berlin mwaka 1896. Katika andiko lake la 1929, Emmy aliiunganisha na elimu yake mwenyewe ya aljebra, mambo mawili yakakaa chini ya paa moja.

Elimu yake hiyo, mwanzo wake ni andiko la 1921. Mufano mwepesi: namba zenye kugawanyika kwa 12 ziko ndani ya zenye kugawanyika kwa 6, hizo ziko ndani ya zenye kugawanyika kwa 3, hizo ndani ya namba zima zote. Pale ngazi inaisha. Emmy aliuliza ni wapi kwingine ngazi sawa hiyo inaisha kila mara, na akajenga juu ya lile ulizo moja tu. Leo makundi ya namba yenye ngazi ya kuisha yanabeba jina lake.

Alikuwa anafundisha mbiombio, akitembea na wanafunzi mu pori. Siku moja univerisite ilikuwa imefungwa juu ya sikukuu. Akawakusanya ku ngazi za inje, akawapitisha mu miti, na somo likaendelea mu nyumba ya kahawa. Mumoja wao, van der Waerden, aliandika kitabu cha aljebra cha 1930 na 1931 chenye kilipeleka mafundisho yake dunia nzima.

Mwezi wa tisa 1932 wanamatematike wakakutana Zürich, katika Uswisi, kwa kongre yao ya kimataifa. Katika kongre kama ile kunakuwa vipindi vingi vifupi katika vyumba mbalimbali, na masomo makubwa machache yenye watu wote wanasikiliza pamoja. Kwa masomo makubwa hauendi kuomba, wanakuita. Emmy Noether alikuwa mwanamuke wa kwanza kuitwa. Alisema juu ya aljebra yake na namna inafungua mambo ya namba. Mwaka ule ule huku Katanga, Union Minière ilikuwa imerudisha maelfu ya watumikaji kwao juu ya bei ya shaba. Kolwezi ilikuwa haiyazaliwa, ilikuja 1937.

Miezi saba kisha Zürich, wakamufukuza. Sheria ya Hitler ya tarehe 7 mwezi wa ine 1933 ilitosha Wayahudi katika kazi za serkali. Ile kazi ndogo yenye alingojea miaka 15, ilitoka kwa barua moja. Akaendelea kufundisha ndani ya nyumba yake. Wanasimulia kama mwanafunzi mumoja alikuja amevaa unifomu ya Wanazi, na Emmy akamufundisha sawa wengine.

Mwisho wa 1933 akapata fasi Marekani, ku Bryn Mawr, shule ya juu ya wanawake katika Pennsylvania, na akawa anaenda kutoa masomo Princeton. Tarehe 14 mwezi wa ine 1935, siku chache kisha operasyo, akakufa. Alikuwa na miaka 53. Majivu yake yako Bryn Mawr, chini ya njia ya watembea kwa miguu ya bibliotheke ya zamani. Ndugu yake Fritz, yeye pia mwanamatematike, alikimbilia Urusi. Mwaka 1941 wakamupiga risasi pale, na mwaka 1988 korti ya kule ikatangaza kwamba hakukuwa kosa.

Mwanamuke wa pili kuitwa kwa somo kubwa la kongre ile, Karen Uhlenbeck wa Marekani, alisimama Kyoto mwaka 1990. Kati yake na Zürich kulipita miaka 58.