Paul Broca: Daktari aliyeonyesha maneno yanatoka wapi kwenye ubongo

Milimani Uluguru, iwe Mgeta, Matombo au Kinole, mtu akiamka mkono wa kulia umelegea na maneno hayatoki, kuna wanaosema amepitiwa na upepo mbaya. Hospitali wanaita kiharusi. Aliyesaidia dunia kuelewa kwa nini kiharusi kinaweza kuchukua maneno na kuacha akili ni daktari wa Kifaransa, Paul Broca.

Alizaliwa Juni 28, 1824, katika mji mdogo wa Sainte-Foy-la-Grande, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa daktari. Broca aliingia chuo cha udaktari jijini Paris akiwa na miaka 17 tu, akaja kuwa daktari wa upasuaji.

Mgonjwa wa neno moja

Aprili 1861, katika hospitali ya Bicêtre, aliletewa mgonjwa wa miaka 51 aitwaye Leborgne, mguu ukiwa umeoza. Jamaa alikuwa ameishi hapo miaka 21, na karibu kila swali alijibu neno moja: tan. Mpaka likawa jina lake. Lakini alielewa anachoambiwa, na hesabu alionyesha kwa vidole.

Alifariki siku chache baadaye. Broca alipochunguza ubongo, alikuta sehemu ya mbele, upande wa kushoto, imeharibika. Mwaka huohuo akampata Lelong, mzee wa miaka 84 aliyebaki na maneno matano tu. Naye alipofariki, kumbe tatizo lilikuwa eneo lilelile.

Mwaka 1865 Broca alieleza kuwa kwa watu wengi kazi ya kutamka lugha iko kushoto. Upande huo ndio unaoongoza mkono wa kulia, ndiyo maana mara nyingi vyote viwili hupotea pamoja. Uwe unaongea Kifaransa, Kiswahili au Kiluguru, ni yaleyale.

Pia alijaribu kumfundisha mgonjwa lugha upya, akiamini upande wa kulia unaweza kusaidia.

Doa lake

Si kila alichofanya kilikuwa sahihi. Alipima mafuvu na kudai Waafrika wako chini ya Wazungu kwa akili. Sayansi imeshayakataa madai hayo.

Umeme unaingiaje?

Mwaka 1870, Broca akiwa hai, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig wa Ujerumani walionyesha kuwa umeme ukigusa ubongo wa mbwa, misuli ya upande wa pili inacheza. Broca alifariki Julai 9, 1880, akiwa na miaka 56, miezi michache baada ya kuchaguliwa seneta.

Leo watafiti wanapitisha umeme mdogo sana, kama miliampea 1 hadi 2, juu ya kichwa cha mgonjwa wa kiharusi huku akifanya mazoezi ya kuongea. Hakuna kupasua. Utafiti wa Marekani uliotoka 2018 ulihusisha wagonjwa 74. Waliopata umeme waliongeza wastani wa majina 13.9 ya vitu waliyoweza kutaja, wakati waliowekewa mashine bila umeme waliongeza 8.2.

Inatia moyo, ila bado haijathibitika kuwa inarudisha mazungumzo ya kila siku. Mazoezi ya kuongea ndiyo msingi. Na usijaribu nyumbani kwa betri, ni hatari.

Cha kufanya sasa

Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, usisubiri kupambazuke. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya kupigwa picha ya kichwa. Kwa anayeshuka kutoka mlimani hadi Morogoro mjini, muda huo ni mfupi mno.

Na mgonjwa akishindwa kujibu, msimseme kana kwamba hayupo. Kama Leborgne, huenda anaelewa.