Wes Montgomery: Fundi wa gitaa aliyepiga kwa kidole gumba

Msikilizaji wetu, kama nyumbani kwako kuna mtu anayejifunza gitaa, hali yake unaijua. Kipande kilekile kinarudiwa mara arobaini, na aliyeshinda kazini anataka kulala. Leo tunakuletea maisha ya Wes Montgomery, mpiga gitaa wa jazi wa Marekani. Shida hiyohiyo ndiyo iliyompa sauti yake.

Wes alizaliwa Machi 6, 1923, mjini Indianapolis. Akiwa mtoto, kaka yake Monk alimpa gitaa dogo la nyuzi nne, lakini bado hakuwa mtu wa kutajwa. Mwaka 1943 alioa, na wakati huo kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma. Siku moja akiwa dansini na mkewe, Serene, alisikia sahani ya Charlie Christian, bingwa wa gitaa la umeme wa wakati ule. Hapo moyo ukashikwa. Akanunua gitaa la nyuzi sita na amplifaya, akaanza kujifunza solo za Christian kwa kusikiliza tu, kwa sababu hakujua kusoma noti.

Muda wa mazoezi ulikuwa usiku, baada ya kazi. Nyumba ndogo, kuta nyembamba, amplifaya inanguruma. Majirani wakalalamika, na ndani nako mama mwenye nyumba alihitaji usingizi. Kuacha gitaa hakuweza, na kuvuruga amani ya nyumba hakutaka. Akaweka pembeni kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, akaanza kuzigusa kwa nyama ya kidole gumba. Sauti ikapoa, ikawa nene na laini.

Walimu wengi wangemwambia kwamba gumba halina kasi. Yeye alizoea mpaka likaota sugu, na kasi ikaja. Tena akajifunza kupiga noti moja mahali pawili kwa pamoja, chini na juu, kama watu wawili wanaoimba wimbo mmoja. Mtindo huo ndio uliomtambulisha.

Mwaka 1948 alijiunga na bendi ya Lionel Hampton, akazunguka nayo hadi 1950. Aliogopa ndege, hivyo safari ndefu aliendesha gari. Kisha akarudi kwa mke na watoto. Mchana kiwandani, usiku klabuni hadi alfajiri, kwa miaka mingi. Mwaka 1959 mpiga saksafoni Cannonball Adderley alimsikia Indianapolis, akawaambia wenye kampuni ya kurekodi ya Riverside wasimkose. Mwaka uliofuata ikatoka albamu iliyomtangaza duniani, na mwaka 1967 akapata tuzo ya Grammy.

Raha hiyo haikudumu. Juni 15, 1968, alifariki dunia nyumbani kwake kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 45 tu.

Wapiga gitaa wengi wa jazi baada yake, akiwemo George Benson, walijifunza kutoka kwake. Nawe unayefanya mazoezi usiku huku wenzako wamelala, jaribu kuweka plastiki pembeni. Piga polepole kwa gumba, usikilize linavyotoa sauti.